Dawa za jikoni na uani, Mombasa: kununua, kutengeneza na kujua kikomo

Mwarobaini uani, asmini ukutani, habasoda na hulba (uwatu) kabatini, chupa ya asali juu ya friji: nyumba nyingi za Mji wa Kale, Majengo na Kisauni zina vitu hivi hata kama hakuna mganga ndani. Vingi vinafaa. Vinapomdhuru mtu, mara nyingi kosa halitokani na mmea wenyewe. Huwa imetumika sehemu isiyofaa, moto umezidi, au dawa amepewa mtu asiyestahili kupewa: mtoto mchanga, mjamzito, au mgonjwa aliyekwisha kuandikiwa vidonge hospitalini. Mwongozo huu unafuata mambo hayo matatu.

Kununua na kuhifadhi

Marikiti, na maduka ya viungo yaliyoizunguka hadi Mtaa wa Biashara, utapata karibu kila kitu kilichotajwa hapa. Nunua vizima, usage mwenyewe. Unga uliokaa kwenye gunia wazi umeshapoteza mafuta yake, na ni vigumu kujua umechanganywa na nini.

Karafuu zina kipimo chepesi. Zitie kwenye bilauri ya maji: zenye mafuta huzama au husimama wima, na zinazolala juu ya maji zimezeeka au zimeshakamuliwa. Habasoda zisugue viganjani. Zisipotoa harufu kali, mwachie mwenye duka. Mdalasini mwingi unaouzwa ni kasia, gamba nene na gumu lililojikunja mara moja, ilhali ule wa Sri Lanka ni mwembamba, una matabaka mengi na huvunjika kwa vidole. Kwa pilau haidhuru ukitumia upi. Kwa anayekunywa kila siku ni jambo kubwa, kwa sababu kasia ina kumarini, na kumarini ikizidi huumiza ini. Asizidishe nusu kijiko cha chai kwa siku, wala asiendelee miezi.

Asali haina kipimo cha nyumbani cha kuaminika. Ule mchezo wa kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa, au kudondosha tone majini, hauthibitishi chochote, maana hata sharubati nzito ya sukari hufaulu. Nunua kwa mtu unayemjua.

Adui wa dawa kavu hapa Pwani ni unyevu. Tumia chupa za kioo zenye vifuniko vya kukaza, uziweke mbali na jiko, na uandike jina na mwezi ulionunua. Majani ya kukausha yatandaze kwenye ungo kivulini, mahali penye upepo, uyageuze asubuhi na jioni. Jua kali huyachoma rangi na harufu. Jani lililokauka huvunjika likifinywa, na likikunjika bado lina maji. Wakati wa masika usijisumbue kukausha, yataota ukungu kabla hayajakauka. Tumia mabichi. Na jani lenye ukungu halisafishwi, linatupwa.

Moto: jani na gamba si kitu kimoja

Watu wengi hutupa kila kitu sufuriani na kuchemsha hadi maji yawe meusi, wakidhani weusi ndio nguvu. Harufu ya mchaichai, rehani au mnanaa imo kwenye mafuta mepesi yanayoruka na mvuke, kwa hiyo ukichemsha dakika ishirini umeifukiza nyumba na kubakiwa na maji machungu. Majani na maua yenye harufu yamiminie maji yaliyochemka, funika kwa kisahani, ngoja dakika 10, chuja. Magamba, mizizi na mbegu ngumu (mdalasini, tangawizi, hulba nzima) ndizo za kuchemshwa kwa moto mdogo, dakika 15 hadi 20.

Thomu (kitunguu saumu) ina taratibu zake. Kile kikali chake hakimo ndani ya punje nzima, hutokea punje ikipondwa. Iponde, iache dakika 10 kibaoni, ndipo uitie kwenye chakula kilicho moto. Ukiiangusha kwenye mafuta mara tu baada ya kuiponda, umebakiwa na ladha tu.

Ukwaju na ndimu visikae kwenye sufuria ya alumini. Asidi hula alumini, na kinywaji huwa na ladha ya bati.

Kikohozi na mafua

Hiki ndicho kinywaji kinachotengenezwa zaidi, na ndicho kinachoharibiwa zaidi kwa haraka ya kutia asali jikoni.

1. Osha tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, usiimenye, iponde kwenye kinu.
2. Itie kwenye sufuria na vikombe vitatu vya maji, karafuu 4, iliki 3 zilizopasuliwa na kipande cha mdalasini cha urefu wa pingili moja ya kidole.
3. Ikichemka, punguza moto, funika, acha dakika 15. Vibaki kama vikombe viwili na nusu.
4. Epua, chuja, ngoja hadi uweze kunywa bila kupuliza.
5. Sasa ndipo utie asali kijiko kimoja cha chakula na maji ya nusu ndimu kwa kila kikombe.

Kunywa kikombe asubuhi na kingine kabla ya kulala. Kikiwasha koo, tangawizi imezidi: ongeza maji, usiongeze sukari. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia apunguze tangawizi na aache ndimu.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja anaweza kupewa nusu kijiko cha chai cha asali peke yake kabla ya kulala, na kwa kikohozi cha usiku inafaa kuliko dawa nyingi za chupa. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba kidoleni. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka mtoto ashindwe kunyonya na kupumua. Ile desturi ya kumlambisha mtoto mchanga kitu kitamu ifanyike kwa tende iliyolainishwa, chembe tu, kwa mkono ulionawa, na usikose kumuuliza mkunga.

Kujifukiza kwa mchaichai, mkaratusi na majani ya mpera huzibua pua, wala hakuui kirusi. Sufuria iepuliwe kwanza, iwekwe sakafuni kwenye kitambaa kilicholowa isiteleze, wewe ukae kwenye kigoda, uso uwe mbali kiasi cha mkono, dakika 5 hadi 10. Watoto wasifukizwe kabisa. Chini ya shuka la giza mtoto hupiga teke moja tu, na maji hayo yakimwagikia mapajani ni miezi hospitalini.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili, au chenye damu, au kinacholowesha nguo kwa jasho la usiku, hakitibiwi na tangawizi. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Matibabu yake katika vituo vya serikali ni bure.

Tumbo

Kuharisha huua kwa kukausha mwili, kwa hiyo kinachotangulia ni maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko ikikosekana. Onja: yasizidi ladha ya machozi. Dafu, pamoja na uzuri wake, halitoshi peke yake. Lina potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo, na mwenye kipindupindu hupoteza chumvi nyingi mno. Mnywesheni dafu pamoja na maji hayo, si badala yake. Mtoto apewe na vidonge vya zinki kutoka kituoni.

Majani ya mpera huja baada ya hapo. Chukua machanga ya ncha, saba au manane, yachemshe kwenye vikombe viwili vya maji dakika 10, mtu mzima anywe nusu kikombe mara tatu kwa siku, siku mbili basi. Yana utomvu unaokaza matumbo. Kwa sababu hiyohiyo hayafai kama kuna damu kwenye choo au homa kali: hapo unafunga mlango na mwizi yumo ndani.

Aliyefunga choo huhitaji ukwaju. Loweka donge la ukubwa wa yai kwenye maji vuguvugu nusu saa, fikicha, chuja, kunywa kabla ya kulala. Kwa kichefuchefu cha mimba changa, tangawizi inafaa, ila kipimo chake ni kidogo: kama gramu moja ya unga mkavu kwa siku nzima, yaani nusu kijiko cha chai, ukigawa mara tatu.

Na kungumanga, ambayo wengine hukuna ili walale: iwe chembe za kupaka juu ya uji. Vijiko viwili vya chai vya unga wake ni sumu, hupandisha mapigo ya moyo na kumfanya mtu aone vitu ambavyo havipo. Kuna wanaodhani hayo ni majini.

Mama mzazi na arubaini yake

Siku arubaini za mama mzazi ndizo zenye elimu nyingi zaidi katika mambo haya, na zenye mzigo mkubwa zaidi wa mazoea yasiyoulizwa. Wazo lililo chini yake ni kwamba uzazi umeacha mwili wazi na baridi, kwa hiyo apewe vya moto: pilipili manga, tangawizi, supu ya kuku wa kienyeji, hulba. Ukiliacha suala la moto na baridi, bado chakula chenyewe ni kizuri. Kina maji, damu na nguvu.

Uji wa pilipili manga: koroga unga wa wimbi vijiko vinne vya chakula kwa kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye kikombe kingine cha maji yanayochemka. Pika dakika 15 kwa moto mdogo ukikoroga. Tia pilipili manga iliyosagwa sasa hivi, robo kijiko cha chai, na iliki. Tui zito kikombe kimoja liingie mwisho, na likianza tu kutokota uepue, la sivyo litakatika. Wengi huzidisha pilipili wakidhani ndiyo inayosafisha tumbo. Tumbo la uzazi hujisafisha kwa kunyonyesha, kwa sababu mtoto akivuta ziwa, mji wa uzazi nao hujikaza. Pilipili ikizidi inamchoma mama bure.

Hulba ina mkono wake. Anayetaka ya kunywa aloweke kijiko kimoja cha chai cha mbegu usiku kucha, amwage maji ya kwanza yenye uchungu, achemshe mbegu kwenye kikombe na nusu cha maji dakika 15, anywe mara mbili kwa siku. Anayetaka ya kula afuate njia ya Wayemeni. Loweka kijiko cha chakula cha unga kwa maji mengi saa mbili au tatu, unga utuame na kuvimba. Mwaga maji ya juu kwa upole, kisha piga kwa mkono au kwa mwiko upande mmoja, ukidondoshea ndimu, mpaka ibadilike kutoka manjano kuwa nyeupe, iumuke na kushika mwiko. Isipoumuka, maji ya juu hayakumwagwa vya kutosha au unga ni wa zamani. Huliwa juu ya supu.

Wanawake wengi huitumia kuongeza maziwa. Inayaongeza kwa baadhi yao, na hakuna hulba itakayoshinda mtoto anayenyonyeshwa mara kwa mara. Jasho na mkojo wa mama, hata wa mtoto, hunukia utamu wa sukari iliyoungua. Hilo si ugonjwa, ila umwambie daktari asije akadhani ni kingine. Hulba hushusha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari anayekunywa vidonge ajipime asije akaanguka. Mjamzito asiinywe kama dawa, kwa kuwa huweza kuamsha mji.

Kukandwa kwa maji moto kunapunguza maumivu ya mgongo na nyonga. Maji yasizidi yale yanayoweza kuvumiliwa na mkono wa anayekanda bila glavu. Aliyezaa kwa upasuaji asikandwe tumbo. Kuota makaa ndani ya chumba kilichofungwa kuachwe: moshi usioonekana wa makaa umewahi kuua watu wengi waliolala.

Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kinachogonga na macho kuona ukungu: hayo yote ni safari ya hospitali usiku huohuo, hata kama bado hajatoka arubaini.

Mtoto mchanga: yale ya kijicho

Mvuje unaofungwa kwenye kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto ili kuzuia kijicho haudhuru ukibaki mkononi. Harufu yake mbaya ndiyo kazi yake. Usifungwe shingoni, kamba inanyonga usingizini, wala usikorogwe mtoto akanyweshwa. Kabla ya miezi sita asipewe maji ya shamari wala maji ya bizari. Kitovu kisipakwe majivu, mafuta wala mate. Tumia dawa uliyopewa kliniki.

Wanja ni jambo la kukaza. Mwingi unaouzwa kwa vijichupa umesagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole bila dalili ya kuonekana. Asipakwe, hata nyusi.

Hina nayo, ambayo kwa mtu mzima haina neno, kwa mtoto mchanga ina hatari isiyojulikana na wengi. Baadhi ya watu wa Pwani, hasa wavulana, huzaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo umeenea mahali palipozoea malaria. Rangi ya hina ikipenya ngozi yao hupasua chembe nyekundu za damu: mtoto hugeuka manjano, mkojo ukawa wa rangi nzito, naye akalegea. Vidonge vya nondo vinavyowekwa kwenye nguo za mtoto hufanya vivyo hivyo. Na kwa bi harusi, hatari imo kwenye piko, ile nyeusi iliyo rangi ya nywele. Jaribu tone nyuma ya sikio saa 48 kabla. Ikiwasha, usipakwe.

Maua, udi na kombe

Asmini huchumwa alasiri ikiwa tumba, kwa sababu hufunguka usiku. Tunga kwa sindano ukipitisha uzi kwenye kijimrija cha chini, usichome petali, yatageuka kahawia kabla ya isha. Yafunge kwenye kitambaa kilicholowa hadi wakati wa kuvaa. Kikuba huanza na vijiti vya rehani, kisha asmini, mkadi na kilua, hufungwa na kunyunyizwa marashi, kikavaliwa kifuani. Ni cha mapenzi na heshima ya nyumba. Rehani ndiyo yenye kazi nyingine, maana majani kumi kwenye maji moto hutuliza tumbo lililojaa gesi.

Udi na ubani huingia arusini, msibani, maulidini na kwenye kupunga pepo. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha chetezo kizima, juu ya makaa yaliyoshika jivu. Makaa mekundu huunguza na kutoa moshi wa kukereketa. Fungua dirisha. Mwenye pumu na mtoto mchanga watoke kwanza, warudi moshi ukishaisha na harufu imebaki.

Kombe, yaani aya za Kurani, huandikwa kwa zaafarani kwenye sahani nyeupe, ikafutwa kwa maji ya waridi, ikanywewa. Anayeiamini ahakikishe vitu viwili. Kwanza, zaafarani iwe nyuzi halisi: tia uzi kwenye maji baridi, ya kweli hutoa rangi polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu, ya bandia hutoa rangi papo hapo na kubaki mweupe. Pili, maji ya waridi yawe ya kunywa. Marashi ya dukani ya kujipaka yana spiriti na manukato ya kiwandani.

Ngozi na jino

Aliyeungua aanze na maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, hata kama ameshapita robo saa tangu aungue. Unga, yai na dawa ya meno vinaongeza kidonda. Mshubiri huja baadaye, na kwa aliyeungua kidogo tu. Kata jani nene la chini, lisimamishe wima dakika 15 utomvu wa njano utoke, lioshe, kisha paka ute mweupe wa ndani. Ule wa njano huwasha ngozi, na ukinywewa huharisha vibaya. Ndio ule uchungu wanaopaka akina mama ziwani kumwachisha mtoto, na afadhali wasiutumie.

Thomu mbichi isifungwe kwenye ngozi. Inachoma hadi malengelenge.

Jino likiuma, tafuna karafuu moja polepole upande huo, au weka pamba yenye tone moja la mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na matone manne ya mafuta ya nazi. Ganzi hiyo ni ya kukufikisha kwa daktari wa meno. Mafuta matupu huunguza ufizi, na yakinywewa na mtoto ni sumu.

Mwarobaini na homa

Jina lake la kutibu maradhi arubaini limewafanya watu wauchemshe kwa kila homa. Homa ya Mombasa inaweza kuwa malaria, denge, chikungunya au taifodi, na kila moja ina njia yake. Pimwa kwanza. Ikiwa ni denge, aspirini na ibuprofeni ni mwiko kwa sababu ya kutoka damu, na thomu na tangawizi za kipimo cha dawa ziachwe pia. Mafuta ya mwarobaini hayanywi mtu, na kwa watoto yameleta degedege na vifo. Majani yake asinywe mjamzito. Kazi yake nzuri ni nje ya mwili: majani makavu kwenye gunia la mchele au kunde huzuia fukusi.

Habasoda, ambayo hadithi ya Mtume imeitaja kuwa ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo, huliwa nusu kijiko cha chai cha mbegu zilizopondwa na asali, mara moja kwa siku. Hushusha kidogo presha na sukari, kwa hiyo anayekunywa vidonge vya hayo amwambie daktari wake jina na kipimo, wala asiache vidonge.

Thomu, tangawizi, manjano na habasoda, vikinywewa kama dawa, huachwa wiki mbili kabla ya upasuaji au kung'olewa jino, maana huchelewesha damu kuganda. Viungo vya pilau na tangawizi ya kahawa chungu havihesabiwi humo.